Mto Uliokauka Saa Sita

Mama Virginie alikaa chini ya daraja la mto Kalemie miaka minne. Miaka hiyohiyo mimi nilipita juu ya daraja hilo, asubuhi nikienda biro, yaani ofisi ya serikali, mchana nikirudi kula. Sikuwahi kumsalimia. Nasema mapema ili usije ukanidhania mwema.

Alitoka Nyunzu na mume wake, Papa Sébastien, kutafuta kazi bandarini. Kazi haikupatikana, nyumba ya kupanga ikawashinda, wakashuka chini ya daraja pamoja na watu wengine kama kumi. Wakati ule wa Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa kwenye vitambulisho. Chini ya daraja hakuna aliyekuwa na kitambulisho, basi waliitana majina yao ya kanisani bila hofu.

Wote walishika mwiko mmoja: ukisikia jina lako linaitwa kutoka mtoni, usiitike wala usigeuke. Anayeitika humfuata anayeita. Usicheke. Mimi mtu wa biro, kalamu mbili mfukoni, nisingeitika. Mama Virginie aliongeza sheria yake mwenyewe. Kila asubuhi alipanda ukingoni akatazama milima, na wingu likikaa kule aliwahamisha wote, akiwavuta blanketi na kuwatukana. Walimnung'unikia sana. Lakini masika matatu hakufa mtu.

Masika ya nne, Aprili 1983, mvua ilipiga milimani mpaka asubuhi. Akawapandisha wote juu kama kawaida, kisha akaenda kutafuta kuni kuelekea huko mto unakotoka. Jua likatoka. Saa sita mchana nilikuwa katikati ya daraja, nikasikia kimya. Ile sauti ya maji uliyoizoea hata huisikii tena, ikikatika ghafla, masikio yanauma. Nikachungulia. Mto haukuwepo. Mawe yalimeta juani, na samaki walirukaruka kwenye tope. Mbwa wa ukingoni walikuwa wameketi wote, wakitazama upande wa milima, na hakuna aliyegusa samaki hata mmoja.

Mwenye njaa hana miiko. Watu walishuka na sufuria zao, Papa Sébastien mbele. Hata mimi nilivua viatu. Ndiyo, nilivua viatu.

Hapo sauti ya mwanamke ikaanza kuita kutoka huko juu, nyuma ya matete.

"Sébastien! Cyrille! Clémentine! Mutoke!"

Sauti ilikuja ikipita juu ya mawe makavu, jina baada ya jina. Chini yangu kila aliyetajwa aliinamisha kichwa zaidi, akaendelea kuokota samaki. Hakuna aliyegeuka. Mimi nilifumba mdomo kabisa, maana niliogopa kwamba jina litakalofuata ni langu.

Mama Virginie akatokea kwenye matete akikimbia, tope mpaka kifuani. Huko juu alikuwa amekuta kilima kimeporomoka, mti mkubwa umelala mtoni, na maji yote ya mvua yamejaa nyuma yake, na udongo unaanza kuachia. Alipoona migongo ile imemgeukia, akasimama. Alielewa. Akabadilisha maneno.

"Basoda! Basoda banakuya! Banakamata batu!"

Lo! Askari waliwahi kuwafukuza pale mara nyingi, tena kwa fimbo. Sufuria zikatupwa, watu wakapanda ukingo kwa mikono na magoti. Na mimi nilikimbia, sijui nikimkimbia nani.

Papa Sébastien hakukimbia. Miaka ya uasi, huko kwao, waliokimbia askari walipigwa risasi, na walioketi chini mikono kichwani wakabaki hai. Yeye alibaki mara mbili. Basi aliweka sufuria yake pembeni, akaketi katikati ya mto mkavu, akaweka mikono kichwani.

Mama Virginie akapiga kelele: "Ni mie, Virginie! Nilisema bongo, nilidanganya! Hakuna basoda! Simama!"

Mvumo wa maji ulikuwa umeshafika, na sauti yake ikamezwa humo. Papa Sébastien alikuwa amenyoosha mgongo vizuri, kama mtu anayetaka ionekane kwamba hana kosa. Kisha tope na miti vikapita, na pale alipoketi pakawa maji.

Wengine wote waliokoka. Walimzunguka Mama Virginie wakilia, lakini yeye hakulia. Aliwapita, akaja mpaka niliposimama.

"Sitwayeni," akasema, yaani mwananchi, kama tulivyolazimishwa kuitana wakati ule, "weye ulikuwa kwa daraja. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Sauti yangu ilitoka mu mto, njo maana bote balikatala kugeuka. Yako ingetoka kwa daraja." Alinitazama usoni, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sababu gani haukuita?"