Nyigu Aliyejenga Puani mwa Gari

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa harufu kabla ya kuikumbuka kwa macho: maua ya mikorosho, mchanga uliopata joto, na moshi mweusi wa Landrova ya kijiji. Uchungu ulikuwa umenishika tangu alfajiri, na mwenye uchungu huiona dunia kama yuko ndani ya chandarua. Mpaka leo nikisinzia mchana hurudi mle garini.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Baba yako Chande, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa dereva wa kijiji chetu, huku chini karibu na mdomo wa Ruvuma. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili, mkunga wetu Bi Somoe alinipapasa tumbo asubuhi ile akasema mtoto amekingama, hakutanguliza kichwa. "Huyu si wa mikono yangu. Mpelekeni hospitali Mtwara, na msichelewe."

Tukaondoka wote watatu. Ah, gari lenyewe sasa! Miezi mingi lilikuwa linakunywa petroli kama mlevi, moshi mweusi, nguvu hakuna. Baba yako alishabadilisha plagi za cheche, alishaosha kabureta, alishailaumu petroli. Tulipopita Madimba, kwenye kimlima cha mchanga, likakohoa, likazima.

Akafungua boneti, akang'oa plagi. Nyeusi, zimejaa masizi. Akazifuta kwa shati lake, akazirudisha, akapiga stata. Likawaka, likatoa moshi, likazima. Akazifuta tena. Mimi nyuma nimelala juu ya magunia, matawi ya mikorosho yanaelea juu yangu, nasikia sauti zao kwa mbali kama za watu wa ng'ambo, nawaza kwamba nikifa hapa nitakufa na harufu ya maua. Niliogopa sana, mwanangu. Sikusema, lakini niliogopa.

Bi Somoe ndiye aliyechoka. "We Chande! Unafuta masizi, anayeyaleta humuulizi? Huo moshi hauna la kukwambia?"

Baba yako akaiweka chini plagi aliyoishika. Kuna jambo alikuwa analijua, mke hutambua. Kisha akasema taratibu, "Unaniambia injini inakosa hewa. Na najua inazibwa wapi, mama."

Kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa, nyigu wa udongo alikuwa amejenga. Gari lililala muda mrefu kwa kukosa mafuta, naye akapata makazi. Baba yako alimwona, na wakati huo ndiyo kwanza nimeshika mimba. Nasi nyumbani kwetu tulilelewa hivyo: nyigu akijenga kwa mwenye mimba habomolewi, anayembomolea anaita balaa tumboni. Mtu aliyekwisha kuililia mimba moja angethubutu vipi? Akaacha. Nyigu wakaongeza tundu juu ya tundu, na yeye akabadilisha plagi zisizo na kosa.

"Kumbe ulikuwa unanilinda?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakulinda," akasema, na machozi yakamtoka.

Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia. Nguvu ya lolote kati ya hayo sikuwa nayo. Bi Somoe hakupaza sauti. "Nyigu akijenga ukutani ni mgeni, mkaribishe. Akijenga puani, mtoe. Mila zilikuja kututunza, Chande, hazikuja kutuzika."

"Bomoa," nikasema. "Tumbo ni langu, na mimi nasema bomoa."

Akasema bismillahi, akabomoa kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na kitu. Wana wa nyigu walisharuka zamani. Tulikuwa tunalinda nyumba tupu. Akazifuta plagi mara ya mwisho, akapiga stata, gari likanguruma. Moshi ukawa mwembamba, halafu sikuuona tena. Nakumbuka tunaingia mjini kwa Chuno, watu wakitupisha njia, kisha kuta nyeupe za hospitali.

Madaktari walimtoa mtoto amechoka, kimya. Wauguzi walimsafisha pua kwanza, ndipo akalia. Huyo ndiye dada yako Mwanaidi, ambaye tangu siku hiyo hajanyamaza.

Sasa wewe. Umekuja jana umenuna: taa ya injini inawaka, fundi amepima kwa kompyuta akasema sensa ya oksijeni imekufa, kile kifaa kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Umekibadilisha, taa imerudi, na sasa unataka kununua kingine. Haya! Mjumbe hauawi, mwanangu. Kazi ya kifaa kile ni kuunusa moshi na kuiambia injini kama hewa imezidi au imepungua. Pengine kinasema kweli, nawe unakinyonga. Tazama kwanza kama chujio la hewa limeziba, kama bomba la moshi limetoboka, kama waya umeliwa na panya. Ukikuta vyote vizima na chenyewe ndicho kibovu, subiri bomba lipoe, kifungue, funga kipya, wala usikionee huruma.

Na nyumbani fanya vivyo hivyo. Mkeo akilalamika, usikimbilie kumnyamazisha. Uliza ameona nini. Na lile unalolijua moyoni ukalificha kwa sababu unampenda mtu na unaogopa, liseme mapema, mkiwa bado nyumbani. Mapenzi yanayoficha yanaweza kuua kama chuki, nimeyaona kwa macho yangu.

Mola akupe pumzi ndefu, mwanangu, akujaalie watu wasioogopa kukukaripia, na siku wakikukaripia akupe moyo wa kuwasikia. Amina.