Taulo Zilizonukia Maua

Watu wakisikia kuna mtu anaishi kwa kuosha mbwa, hucheka kwanza, halafu huuliza kwani mbwa hajui kujilamba. Mwanamke huyu alishazoea. Kazini walimwita Povu. Nyumbani mama mkwe wake alimwita "wewe" kwa miaka mingi, mpaka siku za karibuni alipoanza kumwita mwanangu. Tutafika huko.

Povu hakuwa mwosha mbwa wa hivi hivi. Mbwa wenye ngozi ngumu, wanaoweza kuogeshwa hata kwa sabuni ya vyombo, aliwaachia wenzake. Yeye alipewa wale wateule wenye matumbo mekundu na masikio yasiyoisha kuwasha, wanaotoka vipele kwa kulalia tu zulia jipya. Maji yao aliyapima kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mwosha mbwa kimeshazoea moto na husema uongo. Shampuu yake haikuwa na harufu wala rangi. Akishaipaka hakusugua, alikanda taratibu kufuata manyoya yanakolalia, akaiacha ikae huku akimwimbia mbwa upuuzi wowote uliomjia kichwani, kisha akasuuza mpaka maji yatoke bila kiputo hata kimoja. Mashine ya kunyolea aliigusisha kwanza shavuni mwake kuona kama chuma kimepata moto. Na wakati wa kukausha hakufuta kama anayefuta meza. Alikandamiza taulo, akainua, akakandamiza tena.

Wateja walikuwa wakiyapita maduka mengine ya aina hiyo ili wamfuate yeye. Ni jambo la kumvimbisha mtu kichwa, na chake kilivimba kidogo, tusimfichie.

Basi ndipo mbwa wake walipoanza kutoka vipele.

Wa kwanza alirudi na mabaka mekundu kwapani. Wa pili masikio yalimvimba. Wa tatu alijikuna mpaka damu, na mwenye mbwa akaja naye mikononi, akasimama katikati ya duka akipiga kelele mbele ya wateja wengine. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwembamba aliyesema polepole hata akiwa na hasira, na hasa akiwa na hasira. Alimwita Povu stoo.

"Mbwa wa Mkasi hawana kitu," alisema. Mkasi ndiye mnyoaji aliyekuwa akigawana na Povu chumba cha kuogeshea. "Maji ni yale yale. Shampuu ile ile. Beseni lile lile. Kilichobaki ni mikono, Povu."

Tangu siku hiyo Povu akaanza kuiogopa mikono yake. Alikata kucha mpaka nyama ikauma. Aliacha kujipaka mafuta, ngozi ikampasuka. Aliacha pilipili, aliacha karanga, aliacha kila kitu ambacho mtu yeyote alimwambia kinaweza kupita kwenye jasho. Alivua pete ya ndoa aliyovishwa na marehemu mume wake, akaifunga kwenye kitambaa na kuisukumia chini ya godoro, akajiona kama amemzika mara ya pili. Alivaa glavu, mbwa wakatoka vipele. Akavua glavu, mbwa wakatoka vipele. Jioni alikaa akiigeuza mikono hiyo mbele ya macho, akiiuliza ina nini. Alikuwa amechanganyikiwa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Kitu kimoja hakukitilia shaka, nacho ni taulo. Mashine ya kufulia ya duka ilikuwa imekufa, na mwenye duka aliamua kila mfanyakazi alete taulo zake na azifue nyumbani kwake. Mkasi zake alizifua kwa sabuni ya kipande, zikakauka ngumu hata zingeweza kusimama zenyewe. Za Povu zilikuja laini, nyeupe, zimekunjwa pembe kwa pembe, zinanukia maua. Wewe unayesoma umeshaelewa. Yeye hakuelewa, na usimwite mjinga mpaka umjue aliyekuwa akizifua.

Mume wa Povu alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba viwili na mama yake mzazi. Mama huyo hakuwahi kuipenda kazi ya mkwewe. Mwanawe alipokuwa hai, mama alimtengea Povu sahani yake na kikombe chake kwenye rafu ya peke yake, na akipishana naye kwenye korido alikunja pua. Baada ya msiba waliishi kama wapangaji wawili wasiojuana vizuri. Habari za asubuhi, nzuri. Habari za jioni, nzuri. Chakula kilipikwa, kikaliwa, kila mtu akaenda chumbani kwake na kilio chake.

Halafu jioni moja Povu alirudi na kikapu cha taulo za mbwa, akaketi kizingitini avue viatu, akashindwa kuinuka. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa mtu asiye na wa kumpokea mzigo. Mama mkwe alitoka, akamtazama kwa muda, akainama, akakibeba kile kikapu. Povu alimsikia uani akimimina maji kwenye beseni. Mwanamke aliyekuwa hashiki hata kikombe cha mkwewe alikuwa anafua taulo zilizofuta matumbo ya mbwa. Kesho yake alimkabidhi zikiwa zimekunjwa na kusema, "Na za leo uniletee, mwanangu."

Sasa niambie, ni nani angepokea taulo hizo na kuanza kuzikagua?

Siku ya Pamba ilikuja. Pamba alikuwa mbwa jike mzee, mweupe, wa mwalimu mstaafu anayeishi naye peke yake, na ngozi yake ilikuwa nyepesi kuliko ya mbwa wote wa Povu. Kwa muda mrefu hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kumgusa. Kabla hajaletwa, mwenye duka alisimama mlangoni mwa chumba cha kuogeshea, mikono kifuani.

"Huyu akitoka vipele, mimi na wewe tumemalizana," alisema. "Sitakuwa na la kukutetea."

Povu aliitikia kwa kichwa. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yao, lakini si hilo tu. Nje ya chumba kile alikuwa mjane asiye na mbele wala nyuma. Ndani yake alikuwa mtu anayejua kitu. Alinawa mikono mpaka viwiko, akanawa tena, akampandisha Pamba kwenye beseni.

Alimwogesha kama anayebeba yai. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Povu la shampuu lilikaa, likasuuzwa, likasuuzwa tena. Pamba alitulia muda wote, kichwa amekilaza kwenye mkono wake, macho nusu yamefumba. Povu alimkagua tumbo: safi. Kwapa: safi. Masikio: safi. Alihisi roho inamrudi. Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi pembeni, alitabasamu.

Kisha Povu akamfunika Pamba taulo.

Haikuchukua muda. Pamba alitikisika, akageuza shingo akaanza kujing'ata ubavu, akalia kwa sauti nyembamba. Povu alifunua taulo, akaona wekundu unapanda tumboni pale pale ilipokuwa imekandamizwa, na si kwingine. Aliipeleka taulo puani. Maua. Mikono yake, aliyoitesa na kuivua pete, haikuwa na kosa lolote. Kwa kitambo kifupi alifurahi, mnisamehe, alifurahi kabisa. Ndipo akamkumbuka aliyezifua, na furaha ikaishia hapo.

Alimrudisha Pamba kwenye maji, akamsuuza upya, akavua fulana yake ya juu na kumkausha nayo, akabaki na aproni na fulana ya ndani mbele za watu. Wekundu ulianza kupoa, lakini mwenye duka alikuwa ameshafika.

"Ni taulo," Povu alisema. "Si mimi. Ni taulo, zina dawa ya harufu."

"Taulo za nani?"

"Zangu."

"Nani anazifua?"

Hapo palihitajika neno moja tu. Povu alifungua mdomo. Akaona beseni la uani, na mgongo wa mwanamke mzee aliyejikunja juu yake.

"Nafua mwenyewe," alisema.

"Kwa hiyo ni wewe." Mwenye duka alisema polepole sana. "Wewe, unayenifundisha mimi shampuu gani haina harufu. Umenikimbizia wateja kwa kitu ambacho hata mtoto angekinusa. Chukua vitu vyako."

Povu alimtazama mwalimu, akitumaini atasema chochote. Mwalimu alikuwa amempakata Pamba, anampuliza tumboni.

"Nilikuamini, Povu," alisema bila kuinua kichwa.

Unga ukawa umemwagika. Mkasi alimsaidia kubeba kikapu mpaka mlangoni, akasema pole, akarudi haraka ndani asije naye akaonekana.

Njia nzima Povu alikuwa akipanga maneno, na maneno yenyewe hayakuwa mazuri. Angemwambia kila kitu. Angemwambia, mama, miaka yote uliniona uchafu, na siku uliyoamua kunisafisha ndiyo uliyonimaliza. Alipofika, mama mkwe alikuwa ameshateka maji, ananyoosha mikono apokee kikapu.

"Mama, kwenye hizi taulo unatia nini?"

Uso wa mama mkwe ukachangamka. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya kulainishia nguo, ameishika kwa mikono miwili.

"Umegundua! Nilijua utagundua tu. Natia vifuniko viwili, wao wameandika kimoja. Sitaki mtu hata mmoja huko kazini aseme mkwe wangu ananuka mbwa. Nilishalisema sana mimi mwenyewe, yatosha."

Maneno yote aliyoyapanga Povu yalimkwama. Alijikuta anamchukia na kumpenda kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na lipi.

"Inawawasha mbwa, mama," alisema mwishowe. "Wangu wana ngozi nyepesi. Wanatoka vipele."

"Wanatoka vipele?"

"Wanajikuna mpaka damu."

Mama mkwe aliitazama ile chupa. Akaiweka chini, mbali na miguu yake.

"Ndiyo maana ulikuwa unakaa unaitazama mikono yako," alisema. "Mimi nilidhani umemkumbuka mume wako. Na kazini wamesemaje?"

Povu alipaswa kusema. Alimwona mwanamke mzee anavyolishika pindo la gauni lake, anangoja hukumu.

"Hawajasema kitu. Nimewaambia nitabadilisha."

Akaingia chumbani, akajilaza na nguo zake zote. Alisikia maji yanamiminwa uani, yanamwagwa, yanamiminwa tena, mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi kikapu kilikuwa mezani. Taulo zilikuwa zimekauka, ngumu kidogo, zimekunjwa pembe kwa pembe. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yake, vidole vimemkunjamana kwa maji.

"Nusa," alisema.

Povu alizika uso kwenye taulo ya juu, akavuta pumzi mpaka mwisho. Hapakuwa na maua. Hapakuwa na sabuni. Hata yeye hajawahi kufua taulo ikawa hivyo.

"Hazinuki kitu, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama mkwe akacheka kicheko cha msichana. "Basi nenda, utachelewa. Na hao mbwa uwaombee radhi kwa niaba yangu. Waambie bibi yenu hakujua."

"Nitawaambia."

Povu alibeba kikapu, akashika njia ile ile ya kila siku, kwa sababu mama alikuwa mlangoni anamsindikiza kwa macho. Alipokata kona ambako hawezi kuonekana tena, alikiweka kikapu chini, akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akalia kwa sauti. Watu waliokwenda makazini walimpita. Taulo zilikuwa pale kando yake, safi kuliko zilivyopata kuwa, na hapakuwa na mbwa hata mmoja aliyekuwa akimsubiri.