Mpira Sikioni

Fundi wa gereji yetu hapa Nakuru hutengeneza karbureta kwa masikio. Ncha moja ya bomba jembamba la mpira huitia sikioni, nyingine pale hewa inapoingia, kisha vidole vyake vyeusi huzungusha skrubu polepole. Gari la mbio la mzungu wa Elburgon lilipofungiwa pampu ya kusukumia injini hewa, ili lisiishiwe pumzi kwenye milima ya Mau, fundi alitema mate. "Injini iliyo nzima huvuta pumzi yenyewe," alisema. "Ikilishwa kwa nguvu itapasuka." Tangu hapo hulizunguka akilinusa, haligusi. Mimi simwamini. Jana adhuhuri, wenzetu walipokwenda kula, nilimkuta ameliwasha, mpira sikioni, macho amefumba, anatabasamu. Aliponiona akakunja uso. "Natafuta kosa," akasema, na mpira hakuutoa.