Jina Ambalo Sikulitaja Redioni

Nakumbuka siku moja nikiwa kijana, mwanangu, kanda yangu ya kwanza ya gitaa ilipochezwa redioni mjini Meru. Nilikuwa nimeirekodi katika chumba kidogo karibu na soko la Gakoromone, gitaa la mbao peke yake, bila ngoma wala mwimbaji. Nilichanganya bluegrass, ule muziki wa milimani kule Marekani ambamo vidole hukimbia juu ya nyuzi kama mvua juu ya mabati, na jazi, ambayo haina haraka na hupenda kupitia njia za kando. Bluegrass niliidaka mwenyewe redioni. Jazi nilifunzwa na Mzee Nyaga, jirani yetu kule Kianjokoma, karani wa kituo cha majani chai. Kwa miaka minne alinikalisha barazani kwake kila Jumapili baada ya kanisa.

Mtangazaji akaniuliza nani alinifunza. Nikajibu, bila hata kumeza mate, kwamba nilijifunza mwenyewe. Nilitaka nionekane wa ajabu.

Sikujua Mzee alikuwa amewaita majirani. Mkewe, Mama Wanja, alikuwa amepika mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, redio iko mezani, wote wanangoja kusikia jina lake likitajwa.

Mama yangu aliponieleza, nilijua nimekosea. Jumapili nikaenda kwa Mzee. Mama Wanja akanimiminia chai kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mzee hakunigombeza. Alinipa gitaa lake, akasema, "Piga ule wimbo wa redioni. Lakini toa nilichokufunza mimi."

Nikaanza vizuri. Nilipofika pale wimbo unapogeuka, mkono wa kushoto ukataka kwenda alikouzoesha yeye, nikauzuia. Nikarudia. Mara ya tatu nikabaki na sauti tatu tu, nazizunguka kama kuku aliyefungiwa nje. Mama Wanja akaangua kicheko. Mzee naye akacheka mpaka akavua miwani. Nikacheka huku nalia, nikaomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa rudisha vitu vyangu, uupige wote."

Kanda ya pili tulirekodi pamoja, Mzee amevaa suti yake ya harusi, ingawa hakuna aliyekuwa akituona. Redioni nilimtaja kabla sijaulizwa. Niliambiwa kule Kianjokoma watu walipiga makofi mpaka hawakuusikia wimbo wenyewe.

Mwanangu, wewe unarekodi kwa simu, na watu wa mbali wanakusikia kabla chai yako haijapoa. Furahia, mimi pia nafurahi. Ila ukiulizwa ulijua wapi haya, taja watu. Mtaje aliyekuwekea kidole kwenye uzi, hutapungukiwa na kitu. Na kama kuna uliyemruka, mwendee angali hai, ukamtaje mbele ya wenzake.

Mungu akupe vidole vyepesi na masikio yasiyochoka, na akujalie watu wengi wa kuwashukuru.