Ngoma ya Thelathini na Sita

Wiki ya tisa ya fildi nilikuwa sijaongoza hata mgeni mmoja. Nilihesabu mara mbili, kwa daftari na kwa vidole, jibu likawa lile lile. Chuo changu cha utalii kilitaka kitu kimoja tu: msimamizi asaini kwamba nimeongoza kundi zima peke yangu, tangu getini hadi nyumba ya ngoma. Bila saini hiyo narudia fildi mwakani, na kule Buhongwa nyumbani nilishatangaza kwamba namaliza.

Hifadhi niliyopangiwa ni boma la zamani la mtemi, nje kidogo ya mji, juu ya mawe yanayotazama ziwa. Msimu ulipoanza, wageni wote walienda kwa waongozaji wa kudumu. Mimi nikapewa viatu. Anayeingia nyumba ya ngoma huvua viatu mlangoni, na mtu wa fildi huvilinda. Siku moja nililinda jozi hamsini na mbili na kandambili moja isiyo na mwenzake.

Msimamizi alikuwa mama wa makamo asiyepoteza maneno. Kila asubuhi nilimvaa.

"Shikamoo mama. Leo nipe kundi."

"Marahaba. Leo una viatu."

"Basi nipe nusu kundi."

"Kundi si mche wa sabuni, nikukatie."

Kukaa mlangoni kulinipa muda wa kuhesabu. Kibao kilisema ngoma thelathini na sita, waongozaji wakasema hivyo hivyo. Mimi nilipata thelathini na tano. Nikarudia. Thelathini na tano. Mwongozaji mkongwe akanicheka.

"Moja iliazimwa na wachezaji wa ngoma, waende nayo kwenye mashindano ya baada ya mavuno. Wakashindwa. Wameapa hairudi mpaka washinde."

Ni misimu mitatu sasa wanashindwa. Na wachezaji hao ndio mama anaowashabikia, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuidai.

Alhamisi ya wiki ya mwisho wakaja wanafunzi wa sekondari, wameshuka na feri kutoka Nansio, na waongozaji wote wako na watalii. Mama alinitazama kama mtu anayechukua nyanya iliyobonyea kwa kuwa nzima zimekwisha.

"Haya, wachukue. Sema kama ilivyoandikwa."

Nilisema kama ilivyoandikwa hadi nyumba ya ngoma. "Humu mna ngoma thelathini na sita." Msichana wa mbele akaanza kuhesabu kwa sauti, darasa zima likamfuata kama kwaya. Kwenye thelathini na tano wakaishiwa ngoma.

"Kaka, mbona moja haipo?"

"Hesabuni tena."

Wakahesabu tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu wao akakunja mikono, anasubiri.

"Iko kwa wachezaji," nikasema. "Waliiazima kwa mashindano, haijarudi."

"Walishinda?"

"Bado."

Walicheka mpaka mwalimu naye akageukia ukutani.

Walipoondoka, mama aliniita ofisini. Fomu yangu ilikuwa mezani, kalamu mkononi mwake.

"Umenivua nguo mbele ya watoto."

"Mama, wamehesabu wenyewe."

"Kwenye ripoti andika thelathini na sita, nikusainie."

"Thelathini na sita kwa kibao, thelathini na tano kwa macho."

"Hapana."

"Basi thelathini na sita, moja ikiwa safarini."

"Safarini," alirudia, kisha akasaini. Halafu akashuka kwenye kipengele cha kufuata maelekezo, akaandika: hafifu.

"Mama, hata wastani?"

"Wastani ni kwa wanaosikia."

"Na muhuri?"

"Mwenye muhuri yuko Nyegezi, msibani. Jumatatu."

Fildi yangu iliisha Ijumaa. Jumatatu nilikwenda asubuhi, mwenye muhuri akatokea saa nane mchana. Akaniuliza agonge wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, pale kwenye "hafifu."

"Hapa pana maandishi, kijana."

"Nafasi ni finyu, mzee. Gonga tu, na ukandamize."

Akakandamiza.