Risasi Ndogo kwa Nani?

Mwanangu Ketsia, iko siku moja ambayo wewe huwezi kuikumbuka na mimi siwezi kuisahau. Ulikuwa hujafikisha miaka miwili. Tulikuwa Columbus, Ohio, njiani kurudi kwetu New York, nje ya nyumba ya Mzee Bukuru, mshenga aliyepeleka posa ya baba yako kwetu, tunashusha mizigo. Baba yako alikuwa amekutoa kwenye kiti chako, akakuweka kidogo mbele uchezee usukani. Nikaja kukuchukua, nikaona shavu limetuna. Nikadhani karanga. Nikaingiza kidole nikatoa risasi.

Nzima, na kichwa chake cha risasi, imelowa mate yako.

"Hii nini?" nikamuuliza baba yako.

Akaiangalia. Hakushtuka. Mwanangu, hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, kwenye kule kutoshtuka kwake.

"Ah, hiyo ni ile iliyogoma jana. Imekufa hiyo."

"Imetoka mdomoni mwa mtoto, Baba Ketsia."

"Ndogo tu. Saizi ya ishirini na mbili. Angalia, hata kidole haikijazi."

Nikamuuliza swali ambalo moyo wangu ulishalijua jibu lake. "Na bastola yake iko wapi?"

Akajikuna shingo. Akaangalia mawingu. "Kwenye begi la nepi."

Begi la nepi! Begi nililolipakata miguuni tangu Kentucky, nililokuwa napekua kila unapolia, nikitafuta chupa yako kwa vidole bila kutazama. Nilipiga kelele mpaka jirani wa Mzee Bukuru, Mmarekani wa watu aliyekuwa anamwagilia maua, akamwingiza mbwa wake ndani na yeye mwenyewe akamfuata.

Sasa nikurudishe nyuma ujue ilikotoka, maana hasira bila sababu ni kichaa, na mimi si kichaa.

Tulikuwa tumetoka Louisville, Kentucky, kwa baba yako mkubwa Deo, kwenye ubatizo wa mtoto wake. Deo ni mkubwa kwa baba yako, na tangu kambi ya wakimbizi Kigoma ndiye aliyemlea. Deo akikohoa, baba yako anatafuta maji. Jumamosi mchana, watu wameshakula, Deo akatupeleka kwenye shamba la rafiki yake nje ya mji, tukaone mambo ya kiume. Akatoa bastola ndogo nyeusi, akaanza kuhubiri.

"Shemeji, hii ndiyo ya kina mama. Haina teke. Risasi zake rahisi, unanunua boksi kama unanunua chumvi. Evariste akiwa kazini, wewe unalala nayo."

Hapa nimtendee haki baba yako. Alikuwa na hofu ya kweli. Mtaani kwetu Black Rock, huku New York, jirani wa nyumba ya pili alivunjiwa dirisha mchana kweupe. Baba yako anafanya kazi ghalani kule Lackawanna, shifti ya usiku, na anapoondoka ananiacha na wewe na mlango ambao hata paka akiusukuma unaitika. Simlaumu kwa kuogopa. Mwanamume asiyeogopa kwa ajili ya watoto wake, huyo ndiye wa kuogopwa. Ila kuogopa ni kitu kimoja, na dawa unayoichagua ni kitu kingine.

Nikamuuliza Deo, "Na mwizi akiingia, hii itamwangusha?"

"Wee! Ataanguka kama mgomba."

"Na Ketsia akiishika?"

"Aaa, shemeji, na wewe! Hii ni ya kuulia panya. Iweke juu ya kabati, yatosha."

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, kwenye darasa la turubai, na sikuwa wa kwanza. Lakini hesabu hii naiweza. Kama inamwangusha mwizi mwenye koti zito la baridi, itamfanya nini mtoto mwenye nepi? Na kama haimfanyi kitu mtoto mwenye nepi, ya nini kwa mwizi? Risasi ni ile ile moja. Mdomo wa Deo ndio uliokuwa na mbili.

Akaanza kupiga makopo. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu ikasema ta, kimya. Deo hakuona aibu. Akaitoa, akatuonyesha kitako chake. Kumbe kwenye hizi ndogo baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, na bastola inagonga pale ukingoni. Pengine haikuenea vizuri kiwandani, basi ukigonga mahali pasipo na kitu haiwaki. "Unaizungusha hivi," akasema, "igongwe upande mwingine." Akaizungusha, akairudisha, ikalia.

"Kwa hiyo mwizi akiingia," nikasema, "nimwambie asubiri kidogo nizungushe?"

Wanaume wakacheka. Mimi sikuwa natania. Nilikuwa nauliza.

Ikatokea nyingine iliyogoma kabisa, hata ilipozungushwa. Deo akamrushia baba yako, "Weka ukumbusho wa Kentucky." Baba yako akaitia mfukoni, na baadaye, ndani ya gari, akaitupa pale pa kuwekea vikombe, kwenye sarafu na ubani wa kutafuna. Na wewe ulikuwa umeona maganda ya risasi yanang'aa kwenye majani, unalia unayataka. Deo akaokota moja akakupa. "Mtoto akililia wembe, mpe!" Wakacheka tena.

Mwanangu, hiyo methali haikutungwa na mama. Imetungwa na mtu ambaye damu ikitoka atamwita mke wake aje aifute. Nilikunyang'anya lile ganda, nikajikaza, kwa sababu ni shemeji mkubwa na tulikuwa wageni. Nilikosa hapo? Sijui. Najua tu kwamba ulishafundishwa, kwa mkono wa mtu mzima, kwamba vile vitu ni vya kuchezea.

Njiani nilimwambia baba yako bastola hiyo siitaki. Akasema sawa. Kumbe alishaipokea. Deo alikuwa amempa kwa mikono miwili mbele ya wageni, mimi sipo, na kwetu zawadi ya kaka mkubwa hairudishwi. Basi badala ya kumkosea kaka yake, akaona bora anibebeshe mimi bila kuniambia. Anavuka nayo Ohio, anaipeleka New York ambako bastola bila kibali ni kesi ya jela, ndani ya gari lenye mtoto. Na sisi ni watu ambao hata taa ya nyuma ikiungua tunasali kabla ya kuwasha gari!

Tukaingia kwa Mzee Bukuru. Mama Aline, mke wake, alikuwa amepika ugali, mboga za lenga lenga na samaki. Nikakaa mezani, nikakunja mikono, nikakataa kula. Kwetu mgeni akikataa chakula, kila mtu anaweka kijiko chini.

"Nina shauri," nikasema.

Uelewe desturi hii, kwa maana huku wenzenu hawaijui. Mke akiwa na neno zito na mume wake, hakimbilii mtandaoni. Anakwenda kwa mshenga. Mshenga hawezi kusema amechoka, kwa sababu ndiye aliyesimama mbele ya wazazi akasema binti yenu atakuwa salama. Ameweka ulimi wake rehani.

Lakini Mzee Bukuru alikuwa na njaa, na mzee mwenye njaa anapenda amani ya haraka. "Mama Ketsia, mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Deo ni mkuu wenu. Ifungieni hiyo kitu kwenye sanduku, tule."

"Baba," nikamjibu, "na mkuu asiyesikia la mama, linavunjika guu la nani?"

Mama Aline akainamia sahani. Nikajua nina mtu.

Baba yako akasema tena kwamba risasi ile ilikuwa imekufa. Nikaiweka mezani katikati ya samaki na ugali. "Jana nimeona iliyokufa ikifufuka kwa kuzungushwa. Hii umeizungusha mara ngapi ukajua haitafufuka? Na hata kama imekufa, ina madini ya risasi kichwani na baruti tumboni, na mtoto alikuwa anaimeza. Tungemzika kwa kitu kilichokufa."

Wakampigia Deo simu, wakaiweka kwenye spika. "Shemeji anakuza mambo," akasema. "Kitu chenyewe kidogo!"

Kidogo, kidogo. Mwanangu, neno hilo lilinirudisha kambini. Nikiwa msichana wa kama miaka kumi nilikuwa namchotea maji bibi yangu mzaa mama, aliyetembea kwa kuburuta mguu tangu walipokimbia vita. Siku moja namkanda goti nikaona kovu lake la risasi, dogo kama tundu la kifungo. Nikamwambia, "Bibi, kwa hili tu?" Aliniondoa mkono. "Nesi naye alisema jeraha ni dogo," akaniambia. "Mguu haukuambiwa." Kisha, kwa upole kidogo: "Mdharau mwiba, mguu huota tende. Usipime kitu kwa ukubwa wake, mjukuu wangu. Kipime kwa mahali kinapoingia."

Nikawaambia mezani pale maneno ya bibi. Mzee Bukuru alimkumbuka bibi yangu; alimjua. Akasogeza sahani yake pembeni, akasema, "Basi weka shauri lako vizuri, kama linavyowekwa. Simama."

Nikasimama. Nitakuambia nilichosema, lakini kwanza ujue yaliyofuata. Deo aliondoka Louisville jioni ile ile akaja kuichukua bastola yake. Alikula, hakunisalimu, na mpaka leo ananiita Shemeji Polisi. Sawa, niitwe. Bosi wa kule Lackawanna akambadilishia baba yako shifti baada ya kuombwa, kitu ambacho kilihitaji ulimi tu. Na mlangoni tumetia kitasa kipya na taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Hofu haikuisha, lakini sasa haikai kwenye begi la nepi.

Basi shika haya ukiwa mkubwa. Mtu akikuambia kitu cha kuua ni kidogo, muulize kidogo kwa nani. Anayekuuzia woga wako usimwachie akuchagulie na dawa. Ukiamua siku moja kuwa na silaha, na sheria ya pale unapoishi ikakuruhusu, uwe umefundishwa na anayejua, uifunge kwa ufunguo, risasi zake mbali nayo, na uiheshimu kama ile kubwa, maana kaburi lake halina saizi ndogo. Ukiona una mtoto ndani na kufunga huwezi, usiilete. Na heshima kwa wakubwa ni nzuri, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Lakini heshima isiyoweza kusema hapana mbele ya mtoto, hiyo ni woga uliovaa suti ya ubatizo. Ukae na watu wanaoshtuka, mwanangu. Mume asiyeshtuka mfundishe kushtuka, kama nilivyomfundisha wangu, na leo anashtuka mpaka kwa betri ya rimoti.

Na shauri nililoliweka Columbus, nimesimama, wewe umelala begani kwa Mama Aline, ni hili:

"Mzee Bukuru, mshenga wetu, na wewe Mama Aline shahidi, na wewe Deo unayesikia kwenye simu. Mimi Espérance, mama wa Ketsia, naleta mashtaka. Namshtaki mume wangu Evariste kwa kuficha silaha kwenye begi la mtoto na kunibebesha bila kunijulisha. Namshtaki shemeji yangu Deo kwa kumpa mtoto wangu ganda la risasi kama pipi, na kwa kutuambia kitu kimoja kinaua mwizi na hakiumizi mtoto. Simshtaki mwizi, kwa sababu mwizi hajaja. Waliokuja ni ninyi. Nadai bastola hii isivuke kuingia New York. Nadai aliyeitoa aje kuichukua kwa mkono wake, leo. Nadai mume wangu apekue gari mbele yenu, chini ya viti vyote, mpaka ukumbusho wa Kentucky uishe. Mpaka hayo yafanyike siingii kwenye lile gari, wala mtoto wangu haingii, hata kama ni kukaa Columbus mpaka theluji ituzike. Sijamkosea mtu heshima. Ninyi ni wakubwa zangu, na ninawaombea kwa Mungu kama ninavyomwombea mwanangu: awape maisha marefu, mzeeke mpaka mchoke, na siku ikifika, huyu mtoto ndiye awazike ninyi, msimzike ninyi yeye."