Mafuta ya Nazi na Mchungwa wa Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia upande ule wa Masafu, huko Busia, miaka ya sitini, mtoto hakuulizwa anatoka nyumba ya namna gani. Watu walimtazama miguu. Ikiwa imepauka walijua, na iking'aa walijua pia. Mafuta ya nazi yalikuwa ya Jumapili na sikukuu tu. Kwetu yaliletwa na mjomba, kaka yake mama, aliyefanya kazi ya reli Tororo, yakiwa kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Asubuhi ya baridi yaliganda yakawa meupe, na mama aliiweka chupa karibu na mafiga mpaka yayeyuke. Tulipanga mstari, mimi Nabwire mbele kwa kuwa ndimi mkubwa, tukapakwa kutoka usoni hadi vidoleni, kisha tukakatazwa kucheza mavumbini. Tulicheza mavumbini.

Dawa za shambani zilitoka hapo hapo nyumbani. Majivu ya jikoni tuliyanyunyiza kwenye kunde alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, ili yashike. Mkojo wa ng'ombe ulikaa kwenye mtungi nyuma ya zizi mpaka harufu yake ikatoa machozi, ndipo ukatiwa maji na kumwagiwa mchicha, ule tuliouita dodo. Pilipili ilitwangwa kwa ajili ya viwavi, na ole wake aliyetwanga akasahau akafikicha macho. Jioni tulikula dodo hiyo hiyo kwa ugali wa muhogo na mtama, pamoja na mukene, vile visamaki vikavu vya ziwani Majanji. Sikusikia mtu akiutaja mtungi.

Mama alikuwa mtu wa Mwello, upande wa Tororo, kaolewa kwa Wasamia. Alipokuja hakujua Kisamia, na baba hakujua Kidhopadhola, lugha ya kwao mama, basi wakapatana kwa Kiswahili cha sokoni na hawakukiacha tena. Kutoka kwa mama yake alileta mche wa mchungwa, mizizi imefungwa kwa jani la mgomba, akaupanda kando ya jiko. Baadaye bibi alifariki, nyumba ya Mwello ikaanguka, na mchungwa ukabaki kuwa ndio kwao. Wake wengine wakigombana na waume zao walifunga mizigo wakarudi kwa wazazi. Mama alibeba kigoda chake, akasema anakwenda kwao, akaenda kukaa chini ya mchungwa. Sisi tulimpelekea chakula huko. Baba, kwa adabu zote, alimfuata huko kumwomba arudi, hatua chache kutoka mlangoni.

Ndipo mchungwa ukaugua. Matawi yaliota magamba madogo ya kahawia, na ukiyabandua kwa ukucha unakuta ni wadudu. Majani yalifunikwa na weusi kama masizi, na sisimizi walipanda na kushuka mchana kutwa. Mama alijaribu majivu, akajaribu mtungi, akajaribu pilipili. Hakuna kilichofaa.

"Mama Nabwire, mti hii nakufa," baba alisema. "Itaambukiza ndimu ya jirani. Mvua ikianza na haina jani mpya, mimi nakata."

Baba hakuwa mtu mbaya. Ndimu za jirani zilikuwa zinamlisha jirani.

Karibu na Krismasi mjomba alileta chupa mpya. Tulikuwa tumeisubiri kwa hamu, maana ile ya zamani ilikuwa imekauka. Mama aliichukua akaenda nayo kwenye mchungwa jua likiwa utosini. Ngozi ikipauka hupakwa mafuta, na kwake jani nalo lilikuwa ngozi. Aliupaka mti ule jani kwa jani, kama alivyotupaka sisi, mpaka ukang'aa wote. Nikamwambia watu watatucheka kanisani.

"Miguu yenu itapona tu," alisema. "Hii ikikufa, mimi sina kwetu."

Krismasi hiyo tuliimba tukiwa na magoti ya kijivu. Niliona haya kweli kweli. Na tuliporudi tukakuta jua limeyakaanga majani, yamekuwa ya kahawia na yanadondoka. Mama aliyaokota akayatia kwenye kanga, na mimi nililia, sijui kwa ajili yake au kwa ajili ya magoti yangu.

Baada ya siku kadhaa akaniita. Matawi yaliyokuwa kwenye kivuli cha paa la jiko yalikuwa bado kijani, na magamba yake yamekauka, yanatoka kwa kuguswa.

"Mafuta haina makosa," akasema. "Ni jua."

Chupani yalibaki ya kuloweka kidole tu. Akatia maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya mche, akatikisa mpaka yakawa kama maziwa. Kila jioni ya Jumamosi, jua likishajificha nyuma ya nyumba, tulifuta matawi na migongo ya majani kwa kitambaa, tukazungushia shina majivu ili sisimizi wasipande.

Mvua ikaanza. Baba akachukua panga, nasi tukamfuata nyuma. Aliyashika majani machanga yaliyochipuka upande wa jiko, akayageuza migongo. Kisha akainama, akaanza kufyeka magugu kuzunguka shina.

"Mama Nabwire, kuja uone," akaita. "Kwenu iko salama."

Siku hizi wajukuu wangu wakiona jani lina doa wanalipiga picha, wanaiuliza simu, halafu wanapulizia dawa ambayo maandishi yake hawakuyasoma. Sikatai, machungwa yao ni makubwa. Mafuta yao nayo yana harufu za matunda ambayo hayajawahi kuota Busia, na wanajipaka hata siku ya kulala tu. Ila hawajui mafuta kuwa ya kugawana na mti.

Mwaka wa mwisho wa mama nilimkalisha chini ya mchungwa ule nikimpaka mafuta ya nazi. Miguu yake ilikuwa imekauka sana. Nilipomaliza mmoja akanishika mkono.

"Wachia na mti," akasema.

Nikamwambia chupa imejaa, na madukani yapo tele. Akauvuta ule mguu wa pili, mkavu, akauficha chini ya leso.